Ziwa Alilolikataa Nova

Nova alilikataa titi la kushoto la mama yake wakati watu wako shambani wanang'oa mabua ya pamba. Alilishika kama kawaida yake, akavuta mara mbili tatu, akaliachia na kugeuza uso kama mtu aliyepakuliwa mboga iliyochacha. Scola akamrudishia. Mtoto akajikunja mgongo na kupiga kelele. Alipohamishiwa la kulia alinyamaza papo hapo, akanyonya huku anachezea vidole vya mguu wake, raha mustarehe.

Mama mwingine angejiuliza mtoto ana nini. Scola hakufika huko. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinua kichwa kutazama kama mama mkwe wake ameona.

Generoza alikuwa mbele kidogo, ameinama, anang'oa bua moja baada ya jingine na kulirusha kwenye lundo la kuchomwa. Hakugeuka. Scola akashusha pumzi, akajifunga kanga vizuri na kurudi kazini.

Ili mtu auelewe woga huo, inabidi ajue mambo yalivyokuwa pale kijijini, ndani ya kata ya Mwamapalala. Mtoto mchanga akikataa ziwa, watu hawamtazami mtoto, wala hawalitazami ziwa. Wanamtazama mama tumboni. Maelezo ni hayo hayo tangu enzi za bibi zao: mama ameshika mimba nyingine, maziwa yamechafuka, mtoto ameyaonja akayakataa. Mwanamke wa namna hiyo anaambiwa amembemenda mwanawe, na neno hilo likishamganda mtu halitoki kwa sabuni. Kwa mwenye mume nyumbani ni aibu ya kawaida, watu wanasema wiki mbili kisha wanachoka. Lakini Masunga, mume wa Scola, aliondoka na ng'ombe mvua zilipokata. Alikuwa huko upande wa Mwandoya kwenye malisho, na hakuwa amerudi nyumbani hata siku moja. Kwa hiyo mimba hiyo, kama ingekuwepo, ingekuja na swali lake, na swali lenyewe lisingeulizwa kwa sauti ya chini.

Hapakuwa na mimba. Scola alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Shida ni kwamba katika mambo ya aina hii, unachokijua wewe hakina mnunuzi. Na ajabu ni hii: kwa miaka yote ambayo kijiji kile kimewahukumu wanawake kwa vinywa vya watoto wao, hakuna aliyewahi kusimama akauliza mimba inawezaje kuchafua upande mmoja na kuuacha mwingine salama. Watu wenye akili zao timamu, wanaoweza kukadiria uzito wa dume kwa kulitazama tu, hilo liliwapita.

Basi Scola akageuka fundi wa kuficha. Mbele za watu alimpakata Nova upande wa kushoto, wazi kabisa, kila mtu aone. Kisha alimfunika kanga na kumtelezesha taratibu mpaka kulia, mtoto akaendelea kunyonya bila habari. Alifanya hivyo kwenye jumuiya wakati wa kusali rozari. Alifanya hivyo kwenye pampu ya maji, mbele ya Mama Jilala, jirani ambaye macho yake hayajui kupumzika. Alipofika nyumbani alikuwa amechoka kwa huo ufundi kuliko kwa ndoo ya maji.

Titi lenyewe halikutulia. Lilianza kuwa zito, likalipita la kulia kwa ukubwa. Ngozi yake ikawa ya moto na rangi ikageuka, weusi wenye wekundu ndani yake, kama mahali palipogongwa. Siku moja akiwa anaoga alilitazama vizuri kwenye mwanga wa mlangoni, akaona ngozi imekuwa nene, ina vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Chuchu nayo, iliyomlisha mtoto tangu azaliwe, ilikuwa imeanza kuvutwa kwenda ndani. Halikuuma sana. Lingeuma sana, pengine angelia, na angelia, pengine angesema.

Alijipa maelezo, kama watu wanavyojipa. Maziwa yameganda. Bua limenichoma siku ile. Nimemlalia mtoto vibaya. Alichemsha maji, akawa anajikanda na kitambaa cha moto akiwa amefunga mlango. Aliwahi pia kuwaza lile jambo baya, maana kliniki ya watoto palikuwa na bango ukutani la mwanamke anayejipapasa kifua akitafuta uvimbe. Scola akajipapasa. Hakupata kitu cha mviringo cha kushika kwa vidole, akajiambia basi siyo lile. Tena mwanamke wa bangoni alikuwa na mvi, na yeye alikuwa na miaka ishirini na minne.

Kwenda zahanati aliogopa. Pale benchini unakaa na nusu ya kijiji, na kabla hujaitwa wameshakugawana.

Asubuhi moja walikuwa zizini, yeye na Generoza. Kundi kubwa lilikuwa na Masunga. Nyumbani walibaki ng'ombe wachache wa maziwa, na Generoza, mjane ambaye hakuwahi kumwamini mtu kwenye mambo ya mifugo, aliwakamua mwenyewe. Kazi ya Scola ilikuwa ndama. Anamwachia anyonye kidogo ili maziwa yashuke, halafu anamvuta pembeni kwa kamba mama yake akamuliwe.

Siku hiyo ndama wa ng'ombe mmoja mwenye madoa alinyonya chuchu ya kwanza, akanyonya ya pili na ya tatu. Ya nyuma aliinusa, akaiacha.

"Hee," alisema Generoza. Aliweka chini chombo cha kukamulia, akapachika kiganja chake kwenye kiwele. "Panachoma. Na pagumu hapa. Huyu anaumwa kiwele. Scola, nipe simu."

Alimpigia bwana mifugo akiwa bado amechuchumaa, akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, bwana. Mhola. Sikiliza, ndama ameikataa chuchu moja. Hapana, siyo jioni. Jioni utanikuta na ng'ombe wa chuchu tatu. Njoo sasa hivi."

Bwana mifugo alifika na pikipiki uji haujachemka. Alikikagua kiwele, akakamua tone kiganjani na kulitazama, akadunga sindano. "Mmefanya vizuri kuniita mapema," alisema akifunga begi lake. "Hiki tutakiokoa. Wengine wananiita kimeshaoza, halafu wananilaumu mimi." Akaondoka na vumbi lake.

Scola alikuwa bado ameshika kamba ya ndama. Hasira ilimpanda polepole, naye hakujua aielekeze kwa nani. Ng'ombe akikataliwa chuchu moja anapigiwa simu. Anapapaswa, anasikitikiwa, anadungwa sindano kabla watu hawajanywa uji. Mwanamke akikataliwa ziwa moja anaulizwa amelala na nani. Aliliwaza hilo kwa maneno hayo hayo, na likishawazwa hivyo haliwezi kurudi lilikotoka.

"Mayu," alimwita mama mkwe wake. "Mbona hukusema ng'ombe ana mimba?"

Generoza alicheka. "Mimba? Mimba gani ya kuharibu chuchu moja? Ingekuwa mimba, angezikataa zote."

"Basi na mimi Nova amenikataa ziwa moja."

Kicheko kikakatika. Ndama alikuwa anavuta kamba, Scola akaiachia iende. Alisubiri lile swali, na alikuwa tayari kuapa kwa Bikira Maria, kwa kaburi la baba yake, kwa chochote ambacho angetakiwa kuapia.

"Najua," alisema Generoza. "Nakuona unavyomhamisha ndani ya kanga. Tangu wakati wa mabua."

"Na hukuniuliza."

"Nilikuwa nasubiri tumbo."

Alilisema bila ukali wowote, kama anavyosema anasubiri mvua, na kwa sababu hiyo lilimuuma Scola kuliko tusi. Siku zote zile walikuwa wamekula chungu kimoja, wamepeana zamu za kuni, wamecheka pamoja mtoto alipojifunza kupiga makofi, na muda wote huo mama wa watu alikuwa anamvizia tumbo.

"Sasa tumbo liko wapi?" alisema Scola. "Nitazame, mayu. Mimi sijalala na mtu. Mimi naumwa."

Generoza alimtazama. Alimtazama kweli, kuanzia chini mpaka juu, na lililompita usoni halikuwa aibu tu, lilikuwa na hofu pia. Alijifuta mikono kwenye kanga yake.

"Twende ndani nilione," alisema.

Ndani alimfungulia dirisha, akaweka kiganja juu ya lile titi, kile kile kiganja. Hakusema panachoma. Alipitisha vidole kwenye ile ngozi nene, akaigusa chuchu iliyokuwa inazama, akapanda mpaka kwapani, na huko vidole vikasimama. "Na hapa pagumu, palikuwa hivi siku zote?" Scola hakujua, hakuwahi kugusa kwapani. Generoza akamfunika yeye mwenyewe, taratibu, kama anavyofunikwa mzazi siku ya kwanza.

"Vaa viatu," alisema. "Mtoto nambeba mimi."

Zahanati, nesi alimpima joto, akalitazama titi kwa muda mrefu kuliko Scola alivyopenda. Alisema kwa mama anayenyonyesha kitu cha kwanza wanachofikiria ni maambukizi, kwa hiyo atampa antibayotiki, na maziwa ya upande huo awe anayakamua yasijae. Kisha akaongeza jambo, na alilirudia akimwangalia Generoza ili wawe mashahidi wawili. "Dawa hizi zikiisha, urudi nikuone, hata ukijisikia vizuri. Kama wekundu na ugumu huu haujaondoka, usikubali kupewa dozi nyingine ya hizi hizi, na usikae kusubiri. Unakwenda Bariadi kupigwa picha. Umesikia, Mama Nova?"

Walirudi nyumbani wepesi. Maambukizi! Neno zuri namna hiyo Scola hakuwahi kulisikia. Generoza alimchinjia kuku, jambo ambalo hakulifanya hata Pasaka, na Scola akameza vidonge vyake kwa saa bila kuruka hata kimoja. Ila titi halikuwa na habari na sherehe yao. Dawa ziliisha, yule ng'ombe mwenye madoa akapona na kurudi kutoa maziwa kama zamani, na titi la Scola likabaki vile vile, jekundu, zito, gumu.

Hapo Generoza akayumba. Ni Mkatoliki wa kukaa viti vya mbele, lakini hofu ina barabara zake. "Kuna mganga ng'ambo ya mto," alisema bila kumtazama mkwewe. "Tupite kwanza kwake, mara moja tu. Pengine kuna mtu amekutupia jicho. Hospitali ipo tu, haihami."

Scola alikuwa na hofu kubwa kuliko ya mama mkwe wake, na angependa sana kuambiwa ni jicho la mtu. Jicho la mtu lina jina, unaweza kulichukia. Alimtazama Nova aliyekuwa anatambaa kufuata kuku.

"Bwana mifugo angekuambia dawa imeshindwa, ungempeleka ng'ombe kwa mganga?"

"Ng'ombe, hapana," alikiri Generoza.

Wakaenda Bariadi. Hospitali walimkuta Daktari Gloria, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na mikono ya baridi, ambaye alimwomba radhi kwa hiyo baridi kabla ya kumgusa. Alimuuliza lini ngozi ilianza kubadilika, chuchu ilianza kuingia lini, kama kuna majimaji au damu inayotoka, kama kuna mtu kwenye ukoo wao aliyewahi kuugua ziwa. Alisema pia watampima mkojo kuona kama ana ujauzito, kwa sababu kabla ya vipimo na dawa huwa wanampima kila mwanamke. Kila mwanamke! Scola nusura acheke. Majibu yalipotoka kwamba hana, alitamani akiombe kile kipimo akivae shingoni pamoja na rozari, arudi nacho kijijini.

"Mimi bado mdogo, daktari," alisema.

"Ndiyo, na kwa umri wako hili ninaloliogopa ni nadra. Lakini nadra maana yake siyo kwamba halipo."

"Na sina uvimbe. Nimejipapasa, sikuona."

"Siyo lazima uwe uvimbe wa kushika mkononi." Daktari alivuta kiti akaketi karibu. "Wanawake wengi wanaokuja hapa na ziwa lililobadilika hawana kansa. Wengine ni maziwa yameganda, wengine ni usaha, wengine ni mabadiliko ya mwili tu. Lakini kwa macho siwezi kukuambia wewe ni yupi. Ngozi ikiwa nene hivi, chuchu ikizama, mtoto akilikataa ziwa alilokuwa analipenda, na dawa zikaisha bila kubadilisha kitu, sipendi kubahatisha. Tutapiga picha, kisha nitachoma ganzi nichukue kinyama kidogo kikapimwe."

Generoza, aliyekuwa amekaa pembeni na Nova mapajani, aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mtoto alijua?"

"Mtoto aliona ladha au mtiririko umebadilika, mama. Yeye alisema. Kazi yetu ni kumsikiliza."

Generoza alimfuta Nova mate ambayo hayakuwepo.

Majibu ya kile kinyama yalichukua muda, na katika muda huo Scola alimpigia simu mume wake. Masunga alilazimika kupanda kichuguu ili mtandao ushike. Upepo ulisikika, na kengele za ng'ombe. Scola alimweleza yote kuanzia shambani. Alikuwa amejipanga alieleze kwa kuzunguka, lakini lilitoka limenyooka.

"Mtoto alilikataa tangu wakati ule," alisema Masunga, "na hukuniambia?"

"Ungeniuliza ni ya nani."

Upepo ulivuma kwenye simu. Scola alidhani mtandao umekatika.

"Ningeuliza," alisema Masunga. "Kweli, Mama Nova, ningeuliza." Alikohoa. "Namwachia binamu yangu ng'ombe. Nakuja."

Scola alikaa na ile simu mkononi baada ya kukatwa. Alikuwa amemkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja, na hakuona sababu ya kuchagua. Kudanganywa angekutambua kwa urahisi, amekuzoea, lakini mwanamume anayekiri kwa simu akiwa juu ya kichuguu, hilo lilikuwa jipya kwake.

Siku ya majibu waliingia wanne chumbani kwa Daktari Gloria, Scola, Generoza, Masunga akiwa bado na vumbi la safari, na Nova. Daktari hakuzunguka. Ilikuwa kansa. Ilikuwa ya aina ile inayotembea ndani ya ngozi ya ziwa badala ya kujikusanya kuwa donge, ndiyo maana haikushikika, na ni aina kali. Ilikuwa imefika kwapani. Kwa vipimo walivyofanya haikuonekana mahali pengine.

"Nasikia mnaniuliza bila kuuliza," alisema. "Sitawaahidi kitu nisichokuwa nacho mkononi. Ila wengi wenye aina hii ninawaona wakiwa wamechelewa sana, nabaki kuwapa dawa ya maumivu tu. Wewe umenipa nafasi ya kutibu. Utakwenda Mwanza, Bugando. Wataanza na dawa za dripu, baadaye upasuaji, baadaye mionzi. Ni safari ndefu, na inafanywa." Akamtazama Nova. "Na kabla ya dripu ya kwanza, itabidi mtoto aachishwe. Hata la kulia. Zile dawa zinapita kwenye maziwa."

Masunga aliinamia viatu vyake. Generoza alianza kulia bila sauti. Scola peke yake alikuwa mtulivu, utulivu uliomshangaza mwenyewe. Kwa wiki zote zile aliogopa kitu kisichokuwepo, akakificha kilichokuwepo. Sasa kilikuwa na jina na barabara ya kwenda kukipiga. Kilichomwumiza ni hilo la mwisho.

Alimwachisha kidogo kidogo katika siku zilizobaki. Mara ya mwisho ilikuwa mchana, kwenye mkeka, mlango wazi. Hakujifunika kanga. Nova alinyonya la kulia kwa uvivu wa mtoto aliyeshiba, akimtazama usoni, akatabasamu chuchu ikiwa mdomoni maziwa yakamchuruzika shavuni. Scola alimfuta kwa kidole. Alimwambia kwa Kisukuma maneno ambayo mama humwambia mtoto na ambayo hayamhusu mtu mwingine, kisha akajifunga nguo, akalia mpaka akamaliza. Jioni Generoza alileta maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kwenye kikombe, na Nova akayagombania.

Safari ya Mwanza ilipangwa kuanza siku ya soko. Asubuhi yake Scola alikwenda kwenye pampu kwa mara ya mwisho, pamoja na Generoza aliyembeba Nova mgongoni. Masunga alikuwa nyumbani anafunga begi. Wanawake walikuwa wengi, ndoo zimepangwa foleni, na Mama Jilala alikuwa ndiye ameshika mpini anapampu. Nyuma yake alisimama mkwewe, Jenifer, binti aliyeolewa na Jilala mwaka jana, na kichanga chake kifuani. Walisalimiana. Nova akaanza kulia, Generoza akatoa kikombe chenye mfuniko akamnywesha.

Mama Jilala aliacha kupampu. "Hee, Mama Masunga! Mjukuu ameachishwa mapema hivi? Kanyonya mwaka huyo?" Macho yake yalishuka kwenye kiuno cha Scola, yakatulia hapo kama mtu aliyefika kwake. "Au mwenzetu tayari ana kingine?"

Kila mtu alijua Masunga amerudi juzi tu, na kila mtu alikuwa anapiga hesabu. Generoza alifungua mdomo, na kwa sura yake maneno yaliyokuwa yanakuja hayakuwa ya jumuiya. Scola akamgusa mkono.

"Sina mimba, mama," alisema. "Nina kansa ya ziwa. Nova alilikataa la kushoto wakati wa kung'oa mabua, nikaficha, kwa sababu nilijua mtasema hivyo hivyo ulivyosema sasa. Ngozi ikawa nyekundu, ikawa nene, chuchu ikaingia ndani. Uvimbe sikuwa nao. Leo nakwenda Bugando kutibiwa."

Alilisema lote bila kupandisha sauti. Maji yaliyobaki kwenye bomba yalidondoka kwenye ndoo ya Mama Jilala, tone moja moja. Mama Jilala alitafuta mahali pa kuweka macho, hakupata. Si mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Ni mtu aliyezoea tu.

"Pole, mwanangu," alisema mwishowe. "Mimi sikujua."

"Najua hukujua," alisema Scola, na alikuwa ameinama kuinua ndoo yake aliposikia sauti nyuma ya Mama Jilala. Ilikuwa ndogo sana.

"Dada Scola."

Alikuwa Jenifer. Alikuwa amemkumbatia mtoto wake kwa nguvu na hakuwa anamtazama mtu yeyote, anatazama ardhi.

"Mimi langu halijawa jekundu," alisema. "Ila la kulia linatoa damu. Siyo chuchu kupasuka, inatoka ndani, hata nisiponyonyesha. Naiosha kwenye nguo kabla watu hawajaamka. Mtoto naye halitaki."

Mama Jilala aligeuka. Na mbele ya wote macho yake yalikwenda kwanza tumboni kwa mkwewe. Yalikwenda yenyewe, kwa mazoea ya maisha yake yote, na wanawake wote waliyaona yanakwenda. Yeye pia alijiona. Alishtuka kama aliyeshika chungu cha moto, akayainua taratibu mpaka usoni kwa yule binti, na akayaacha hapo.

Aliuachia mpini wa pampu. Ndoo yake ilikuwa nusu.

"Zahanati," aliuliza, hakumwelekea mtu, "wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili," alisema Generoza. "Mkiondoka sasa mtawahi. Nipe huyo mtoto nimshike, mwache binti avae viatu."